Dhapu na Jogi Aliyechelewa Kuomba

Upepo wa Kharidhani, kijiji cha jangwani, hauna adabu. Mwaka mmoja ulimnyanyua ngamia wa kinyozi akiwa bado anatafuna, ukamtua kijiji cha tatu, na kinyozi alipofika kumdai akakuta ameshauzwa mara mbili na ameshazoea jina jipya. Watu wa mjini wakisimuliwa hivyo hucheka. Wacheke tu. Hawajawahi kusaga unga katika upepo ule, wakaona nusu ya jasho lao inapaa kwenda kwa jirani.

Nyumba ya mwisho ya Kharidhani, upande wa mchanga, ilikuwa ya mwanamke aitwaye Dhapu. Jina hilo maana yake ni tumeshiba. Wazazi wa kule wakizaa mabinti mpaka wakachoka, wa mwisho humwita hivyo, ili Mungu asikie na aweke upawa chini. Mungu alisikia. Aliyefuata alikuwa mvulana, na tangu siku hiyo hakuna aliyekumbuka kwamba Dhapu naye alikuwa mtoto. Labda ndiyo maana alijua kukaa peke yake kuliko wenzake. Alianza mapema.

Aliozwa kwa Ghevar, mchunga ngamia, kijana mrefu kama nguzo ya umeme, na asiyetulia kana kwamba nguzo hiyo imepewa miguu. Akinywa mtindi, bakuli likifika nusu yeye yuko nje, na akifika nje ameshasahau alichokifuata. Akilala, anatembea na kitanda. Dhapu alimpenda kwa hilo hilo. Nyumba yenye mtu wa namna ile haina pembe ya kimya, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Dhapu alikuwa anaitwa, anatafutwa, anaulizwa, "We, umeweka wapi kilemba changu?" na kilemba kiko kichwani.

Ndipo akaja jogi mzee, mtawa wa kutangatanga. Masikio yake yalikuwa yamepasuliwa katikati na kutiwa pete nene za pembe, alama ya majogi wa ukoo wake. Alikaa kando ya kisima, akafumba macho, akazuia pumzi. Akaizuia mpaka hudihudi akajenga kiota nywelani mwake, akataga, akaangua, na makinda yakajifunza kuruka. Jhamku, mke wa kinyozi, mpaka leo anaapa kwamba alimwanikia sari mkononi akidhani ni mti. "Na ilikauka vizuri," husema, "haikuwa na hata kunyanzi."

Vijana walimcheka yule mzee, na Ghevar alicheka kuwazidi. Jogi akafumbua jicho moja.

"Wewe mwenye miguu ya panzi," akasema. "Kaa hapa mpaka usahau kwamba una magoti."

Ghevar akakaa, kwa ubishi tu. Alikaa tangu alfajiri mpaka jua likawa utosini, wenzake wakachoka kumtania wakaenda zao. Alipoinuka hakuwa anacheka. Jioni ile alikula bakuli lake mpaka mwisho, jambo ambalo lilimtia Dhapu hofu.

"Leo kulikuwa kimya ndani yangu," akamwambia mkewe. "Sikujua kama mtu ana mahali pa kimya."

"Mimi napajua pangu," Dhapu akajibu. "Hakuna cha kupendeza huko. Ongeza mboga."

Mvua zilipokwisha, jogi aliondoka, na Ghevar akaondoka nyuma yake na blanketi moja. Hakuaga. Wazee walisema mtu anayekwenda kujiua nafsi haagi, na kuyoga ndiko huko, kujiua nafsi ungali hai: unakaa, unahesabu pumzi, unausahau mguu, unalisahau tumbo, unalisahau jina, mpaka asibaki mtu wa kudaiwa wala wa kupendwa. Ghevar alipasuliwa masikio, akapewa jina jingine, na mama yake aliletewa nywele zake zilizonyolewa kama wanavyoletewa waliofiwa.

Dhapu alilia. Mama mkwe akamshika kidevu.

"Usilie ukamaliza, mwanangu. Atarudi. Lazima arudi."

"Kwangu?"

"Mlangoni kwako. Jogi hajawa jogi mpaka arudi kwenye nyumba aliyoiacha. Atasimama nje ya kizingiti. Ataomba unga kwa mke wake, na atamwita Mama. Ukimpa, akaupika, akaula, kamba imekatika. Yeye si mume, wewe si mke. Basi. Mpaka siku hiyo yu nusu, na wewe u nusu."

"Na asipokuja?"

Mama mkwe akaachia kidevu. "Hawezi asije. Hakuna aliyewahi kutokuja."

Hivyo Dhapu akaanza kungoja. Tusidanganyane, kungoja ni kazi, tena ya kutwa. Rangi nyekundu ya mwanamke mwenye mume ilikuwa lazima iwe kwenye mwanya wa nywele zake kila asubuhi, maana hakuwa mjane. Kuvaa vya kung'aa hakuweza, maana mume hayupo. Harusini wenye waume walimweka kando asije akaambukiza bahati yake, na matangani wajane nao walimsogeza, wakisema, "Wewe wako bado mzima." Siku ya mfungo, ambao wake huwafungia waume zao, wenzake walitazama mwezi kupitia chekeche, kisha wakawageuzia waume zao chekeche hiyo, wakacheka, wakanyweshwa maji. Dhapu alitazama mwezi, akageuza chekeche kwenye kilemba kilichotundikwa ukutani, akajinywesha mwenyewe.

Lililo zito kuliko yote lilikuwa mlango. Jogi hatoi taarifa. Anaweza kuja siku yoyote, na akikuta pamefungwa anapita, na akipita hageuki. Kwa hiyo Dhapu hakulala nje ya nyumba ile hata mara moja. Mdogo wake wa kiume alioa, Dhapu akaenda asubuhi akarudi jua likiwa bado juu, pilau ya watu haijapakuliwa. Baba yake alikufa, akamlilia jicho moja likiwa kwenye jua. Na kila mavuno alitafuta kibaba cha ngano, akaipepeta, akaisaga mwenyewe, akaifunga kitambaa safi. Kharidhani watu hula uwele. Uwele asubuhi, uwele jioni, mpaka watoto huzaliwa wananuka uwele. Lakini mgeni wa heshima huwezi kumpa uwele, utachekwa mpaka kaburini. Ngano ndiyo heshima. Ile ya mwaka uliopita aliwapa mbuzi, mpya ikakaa mahali pake.

Mama mkwe alikufa akiwa ameelekezewa kitanda mlangoni. Baada yake, nyumbani pakabaki Dhapu, mbuzi watatu, na maneno ambayo mtu huwaambia mbuzi.

Habari za Ghevar zilikuja kwa vipande. Mchuuzi wa chumvi alisema amemwona Rishikeshi, kwenye mto mtakatifu, anawafundisha Wazungu kusimama kwa vichwa. "Wanataka nini wakiwa kichwa chini?" watu wakauliza. Mchuuzi akasema labda ndiyo njia yao ya kutafuta chenji iliyowapotea. Miaka ikapita. Ikasemwa amevuka bahari. Kisha siku moja Jhamku akaja anakimbia na simu ya mkwewe, ameifunga kwenye upindo wa sari kama yai.

"Dhapu! Shoga, kaa chini kabla hujaanguka!"

"Nimekaa."

"Basi simama, ili ukianguka nione."

Katika kioo cha simu palionekana ukumbi wa Ujerumani, mpana kama uwanja wa mnada wa ng'ombe, kuta zote vioo. Watu wamejipanga juu ya mikeka ya mpira, wamevaa nguo zilizowakaza kama ganda linavyoikaza bamia, makalio juu, vichwa chini. Ngoma inapigwa. Jasho linadondoka. Na katikati yao anapita mtu mrefu, kifua wazi, anamsukuma huyu kiuno, anamnyoosha yule goti.

Dhapu alimtambua kwa mwendo, kabla ya uso.

"Wanafanya nini?" akauliza.

"Yoga."

"Yoga gani ina ngoma?"

"Mkwe wangu anasema ni ya kuondoa tumbo. Wanamlipa mumeo, anawakamua kama nguo, tumbo linatoka."

"Tumbo linaondolewa na njaa."

"Njaa hawana, mwenzangu. Ndiyo maana wanainunua." Jhamku akaangua kicheko. "Mwezi wa kuvuna uwele waje shambani kwangu. Mimi jasho nawapa bure, na chai juu yake!"

"Na hivi vioo?"

"Wajitazame."

Dhapu hakucheka. Yule mzee wa kisimani alimwambia Ghevar akae mpaka asahau magoti, na sasa yuko katika nyumba ambayo kila goti linaonekana mara nne. "Rudisha pale anapogeuka," akasema. Jhamku akarudisha. Alikuwa anatembea, anatembea, hakai. Panzi yule yule. Dhapu alijikuta anataka kutabasamu, na hapo hapo akajiuliza: mtu aliyesahau kukaa atakumbukaje kuja kuomba?

Dada yake mkubwa, Sugni, alikuwa mjane huko upande wa Pali, nyumba imejaa wakaza wana na wajukuu. Alikuwa akipiga simu ya mkwe wa Jhamku kila siku ya soko, na maneno yake yalikuwa yale yale.

"Njoo tukae wote, mdogo wangu. Hapa kuna kelele ya kutosha, nitakugawia."

"Akija akakuta pamefungwa?"

"Akikuta pamefungwa atajua ladha yake. Wewe umefungiwa miaka mingapi?"

"Dada, usimseme."

"Simsemi yeye, nakusema wewe. Utakufa hapo uliwe na mchwa, waje watu waone mlango uko wazi, waseme lo, Dhapu alikuwa mkarimu."

"Nitakuja akishaomba."

"Huyo hana haja ya unga, Dhapu! Ana ukumbi!"

"Mimi ndiye mwenye haja," Dhapu akasema, na simu akairudisha kwa mwenyewe.

Ghevar alikuja mwaka ule ule, baada ya mavuno. Hakuja kwa miguu wala kwa blanketi. Alikuja na basi dogo lenye kipoza hewa, ambalo lilizama mchangani kabla halijafika kisimani, na wanafunzi wake wakashuka kulisukuma, kwa hiyo angalau siku hiyo misuli ile ilipata kazi. Walikuwa katika safari, mkalimani akaeleza, ya kuona mahali Mwalimu alikozaliwa. Wakatandaza mikeka yao kwenye mchanga, wakakaa miguu imekunjwa, wakafumba macho mbele ya kuku. Mbuzi mmoja wa Jhamku alikula mkeka mzima, na wiki nzima akawa anaruka juu kuliko wenzake.

Jhamku ndiye aliyepeleka habari, pumzi hana. "Amekuja! Mumeo! Ana meno meupe kama hekalu jipya! Na nywele nyeusi kuliko siku ya harusi yenu, nadhani ni za kupaka. Na kuna mwanamke kichwa cha majani makavu, ameshika kamera. Sijui ndiye mwenzio?"

"Nishikie huo ungo," Dhapu akasema.

Akafungua kitambaa, akamimina unga wa ngano kwenye ungo, akashusha ushungi mpaka kidevuni, akaenda kusimama ndani ya kizingiti. Alikuwa ameiota siku hii kwa namna zote, ila hakuwahi kuiota na watu wanaopiga picha.

Ghevar akaja, kanzu nyeupe ya pamba nzuri, mikono imefumbatwa kifuani, anatabasamu tabasamu la kugawa. Akanyanyua mguu aingie.

"Nje," Dhapu akasema. "Simama hapo nje."

Mguu ukabaki hewani. Ndipo Dhapu akayaona masikio yake kupitia ushungi. Hayakuwa na pete. Palipokuwa pamepasuliwa palikuwa na mshono mwembamba, mweupe, kazi safi ya daktari.

"Yalikuwa yanawatisha wanafunzi," Ghevar akasema, maana aliona anatazamwa. "Wapya, hasa."

Kisha akauona ungo, na uso ukambadilika. Alikuwa amesahau. Na sasa alikuwa amekumbuka, mbele ya watu. Akacheka kidogo, akageuka, akawaeleza wenzake kwa lugha yao. Wakafanya "oooh" kwa pamoja. Binti mmoja akalia hapo hapo. Yule mwenye kamera, Grete jina lake, akakimbilia kwenye basi, akarudi na kitambaa cha rangi ya chungwa, rangi ya majogi, akamtupia Mwalimu begani, akamkunja kola vizuri, kama mtu aliyezoea kumkunja kola.

Ghevar akasimama. Akavuta pumzi ndefu. Jhamku na wanawake wote wa Kharidhani walikuwa wamejaa ukutani kama kunguru.

"Mama," akasema. "Nipe chakula."

Neno lilimfika Dhapu kama maji ya baridi mgongoni. Akatoa ungo nje ya kizingiti. Ghevar hakuwa na mfuko wa kuombea. Alitazama huku na huku, akachukua mfuko mrefu wa kubebea mkeka, akaufungua, na Dhapu akamimina humo.

Grete akasema neno. Ghevar akajikuna shingo.

"Anasema jua lilikuwa nyuma yangu," akatafsiri taratibu. "Uso haukuonekana. Anaomba, kama si usumbufu, turudie."

"Turudie nini?"

"Hili."

Ukutani Jhamku akasema kwa sauti ambayo aliidhani ni ndogo, "Ebo! Maiti anazikwa mara mbili kwa sababu ya mwanga?"

Na Ghevar, kwa sababu mkono wa Grete ulikuwa umeshamgeuza bega, akasema tena, na safari hii sauti yake ilikuwa nzuri zaidi, nene, yenye mtetemo. "Mama. Nipe chakula." Dhapu hakuwa na unga wa pili. Akaukung'uta ungo mtupu. Kamera ikaridhika.

Wanafunzi wakatawanyika kuwapiga picha ngamia. Ghevar akabaki pale nje na mfuko wake wa mkeka, na Dhapu akabaki pale ndani.

"Upike," Dhapu akasema. "Jiko lile la nje nimeliwasha. Upike ule."

"Ni unga gani?"

"Ngano. Unauliza? Ningekupa nini kingine?"

Ghevar akafumba macho kama mtu aliyekanyaga mwiba. "Siku hizi ngano siili. Inanivimbisha. Na kule wote tumeiacha, tunawafundisha waiache." Akausogeza mfuko kidogo. "Ungekuwa wa uwele ningekula. Kule uwele wanaununua kwenye maduka ya dawa, unajua? Ungenipa uwele tu."

Miaka yote ile. Uwele ulikuwa mtungi mzima pembeni ya miguu yake.

"Uwele ninao," Dhapu akasema.

"Najua." Akatazama saa. "Wanatakiwa wawe hotelini Jodhpur kabla ya giza. Wengine matumbo yao..."

Hapo Dhapu alifanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Aliinua ushungi. Akamtazama mtu yule, mshono wa masikio, nywele za kupaka, ngozi ya shingo iliyolegea ambayo kioo cha simu hakikuionyesha.

"Nijibu moja tu," akasema. "Uliomba, au uliigiza?"

Kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi, Ghevar hakusogea.

"Sijui," akasema mwishoni. "Kule wananiuliza magoti. Wananiuliza mgongo, wananiuliza usingizi. Nami nawajibu, nimekuwa hodari. Kile kimya... niliwahi kuwa nacho, haki ya Mungu, nilikaa nacho pangoni msimu mzima wa baridi. Kisha wakaja wawili watatu kutaka kujua nakaaje. Halafu ishirini. Ukifundisha watu wengi kukaa, wewe huna muda wa kukaa." Akapangusa uso kwa kile kitambaa cha chungwa. "Sijui, Dhapu."

Akalitaja jina lake. Na likatajwa kama zamani, kama mtu anayetafuta kilemba. Pale ukutani wanawake walishika vinywa, maana mtu hamwiti Mama yake kwa jina. Alichokikata kwa neno moja alikuwa amekifunga tena kwa jingine, na wala hakuona.

Dhapu aliona. Na shida ilikuwa kwamba alifurahi. Furaha ilimpanda, tamu, ya kijinga, na nyuma yake akaiona nyumba ile ile, mlango ule ule, ngano ya mavuno mengine na mengine. Akitabasamu tu, akisema tu, "Karibu ndani," amejifunga mpaka kifo, na huyu atakuwa Jodhpur kabla ya giza.

Kule mke halitamki jina la mumewe. Halitamki akiwa hai, halitamki akifa, atamwita baba fulani, au wao, au atakohoa. Mama ndiye anayeliita jina, tena kwa sauti ya kufika kisimani.

"Ghevar," Dhapu akasema.

Halikuwahi kupita mdomoni mwake. Lilitoka na vumbi.

"Ghevar, mwanangu. Nenda. Njia ya Jodhpur ina mchanga, msije mkakwama tena."

Ghevar akainamisha kichwa, kama mtoto aliyeitwa akiwa mbali. Alitaka kumgusa miguu, heshima ya mwana kwa mama, akasita, akamgusa. Kisha akaenda na mfuko wa mkeka kwapani, unga unachuruzika kidogo kidogo kupitia mshono wake. Grete akampokea mfuko, akaupima uzito, akamwuliza kitu, na yeye akatikisa kichwa. Basi likasukumwa, likatoka.

Jhamku alikuwa wa kwanza kuruka ukuta.

"Amekula?"

"Sijui."

"Mwenzangu, asipokula si umebaki pale pale?"

"Mama gani anajua mwanawe amekula nini njia nzima?"

"Ndiyo, lakini desturi..."

"Jhamku, wewe ulimwanikia jogi sari. Usiniambie desturi."

Kijiji kilibishana mpaka mvua nyingine. Wengine walisema kuomba mara mbili kunafuta. Wengine walisema kunathibitisha. Mzee mmoja alisema jogi aliyeshonwa masikio ni kama mtungi ulioshonwa, usiweke maji humo. Walimwuliza Dhapu kama avue bangili zake za mwenye mume, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna desturi ya mwanamke aliyezaa mume. Alizibakiza. Alizinunua mwenyewe, kwenye mnada. Ile rangi ya nywelani aliiosha, na maji yalipita mekundu kwenye mchanga, yakanywewa mara moja.

Kisha hakuondoka. Sugni alipiga simu, akapiga tena, na Dhapu akasema kwanza mbuzi wazae, kwanza paa lizibwe. Asubuhi alijikuta amesimama mlangoni na ungo, hakuna chochote ndani ya ungo, hakuna yeyote wa kumtarajia njiani. Zamani upweke wake ulikuwa na uso na jina, hata kama jina lenyewe hakulitamka. Sasa ulikuwa tu mchanga, na mbuzi, na siku. Aligundua kwamba alikuwa ameishi na mtu miaka ile yote, na mtu huyo ndiye aliyeondoka na lile basi.

Siku aliyoondoka hakumwambia Jhamku mpaka mzigo ulipokuwa kichwani.

"Mbuzi nakuachia," akasema. "Yule wako wa mpira asiwafundishe tabia mbaya."

"Nani atanichekesha sasa?"

"Wewe huchekeshwi, wewe unacheka mwenyewe."

Jhamku akacheka, kisha akalia, kisha akaufunga mlango yeye mwenyewe kwa nje, kwa sababu Dhapu alishika komeo na mkono ukakataa.

Nyumbani kwa Sugni kulikuwa na kelele kweli, kama alivyoahidi. Wajukuu walipigana, wakaza wana walinuniana, redio mbili ziliimba nyimbo tofauti. Dhapu alipewa kitanda karibu na jiko na kazi ya kusukasuka maziwa, kazi nzuri kwa mtu asiyetaka kuongea: unakaa, unavuta kamba ya mpekecho kulia, unavuta kushoto, mtungi unaguna. Watoto walimwita bibi mdogo. Mmoja alimwuliza kama ni kweli mumewe ni yule wa kwenye simu anayesimamisha Wazungu kwa vichwa.

"Ni mwanangu," Dhapu akasema.

"Mkubwa hivyo?"

"Nilimlisha vizuri."

Asubuhi moja mlango uligongwa. Dhapu alikuwa amesimama kabla hajajua, kamba imemtoka mkononi, ushungi umeshuka usoni, anatafuta kwa macho ungo ulipo.

"Kaa, mdogo wangu," Sugni akasema, hakuinua hata kichwa kwenye dengu anazochambua. "Ni wa gesi. Watoto watafungua."

Watoto wakakimbia, wanasukumana, mlango ukafunguliwa, maneno mengi, kicheko, mtungi wa gesi ukaburutwa uani. Dhapu alisimama mpaka mlango ulipofungwa tena. Kisha akakaa. Siagi ilikuwa imeanza kujikusanya juu, madonge madogo, na kamba ilikuwa imeangukia ndani ya maziwa. Akaitoa, akaikamua kidogo kwa vidole, akaendelea kuvuta.